Uzi wa hariri: Utajiri ulikuwa kwenye msokoto

Mwaka 1732 Bunge la Uingereza lilijadili ombi la mfanyabiashara wa London, Sir Thomas Lombe. Hataza yake ya miaka 14 ilikuwa inafikia ukingoni, naye aliomba aongezewe muda. Wabunge wakakataa, ila hawakumwacha aondoke mikono mitupu. Walimpa pauni 14,000, fedha nyingi mno kwa enzi hizo, kwa sharti kwamba mfano wa mashine zake uwekwe Mnara wa London, ili kila mwenye nia aende akautazame na kuuiga.

Mashine hizo zilikuwa na kazi moja tu: kupota uzi wa hariri.

Kuna nini katika kupota uzi hata taifa likubali kutoa fedha zote hizo? Swali hilo linastahili jibu, hasa kwetu sisi ambao mazao yetu mengi bado husafiri nje yakiwa ghafi. Hadithi ya hariri imezoeleka kusimuliwa kwa kumtaja kiwavi mwanzoni na mfumi mwishoni. Kazi ya katikati, ile ya kuufanya utando wa mdudu kuwa uzi unaofumika, hupitwa haraka. Lakini kwa karne nyingi, aliyeishika kazi hiyo ya katikati ndiye aliyeshika fedha.

Kutoka kifukofuko hadi hariri mbichi

Kiwavi wa hariri, ambaye wataalamu humwita *Bombyx mori*, hula majani ya mforosadi usiku na mchana kwa wiki nne hadi tano, huku akijivua ngozi mara nne. Akishashiba, hutafuta mahali pa kujishikiza, kisha huanza kutoa ute mdomoni na kujizungushia mwilini, kichwa chake kikichora namba nane bila kupumzika. Baada ya siku tatu hivi anakuwa amejifunika kabisa ndani ya kifukofuko. Utando wote huo ni uzi mmoja usiokatika, wenye urefu wa kati ya mita 600 na 1,500.

Ukiutazama kwa hadubini, utaona kwamba uzi huo ni nyuzi mbili zilizolala sambamba. Zimetengenezwa kwa protini iitwayo fibroini, nazo zimefunikwa kwa gundi iitwayo serisini. Gundi hiyo peke yake hufikia takribani robo ya uzito wote. Ndiyo inayokifanya kifukofuko kiwe kigumu ukikigonga kwa ukucha.

Fundi hutumbukiza vifukofuko katika maji ya moto ili gundi ilegee. Kwa kijifagio kidogo huvipapasa hadi ncha za nyuzi zijitokeze, kisha huzikusanya ncha za vifukofuko kadhaa, mara nyingi vinne hadi vinane, na kuzivuta kwa pamoja kwenye gurudumu. Zikipoa, gundi hushika tena na nyuzi zote zinakuwa uzi mmoja. Hiyo ndiyo hariri mbichi.

Unene wake hupimwa kwa denieri, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Hariri mbichi ya kawaida sokoni ni ya denieri 20 hadi 22. Maana yake ni kwamba kilomita tisa nzima za uzi zina uzito wa gramu 21 hivi. Ili kupata nusu kilo ya hariri mbichi zinahitajika takribani vifukofuko 3,000.

Uzi huu una nguvu ya kushangaza ukilinganishwa na wembamba wake, lakini una udhaifu mmoja mkubwa: kinachozishika nyuzi zake pamoja ni gundi tu. Ukiutandika kwenye kitanda cha mfumi uwe mtande, yaani nyuzi za urefu zinazokaa zimekazwa muda wote wa kazi, utateseka. Kila mfumi anapofungua nafasi ya kupitisha mshindio, mtande huvutwa. Kila anapogonga mshindio ukae mahali pake, mtande husuguliwa. Msuguo huo hurudiwa maelfu ya mara kwa siku. Gundi huanza kuachia, nyuzi hutawanyika na kuota manyoya, na mwisho hukatika. Hata kitambaa kikikamilika, kitachemshwa kwenye maji ya sabuni ili gundi itoke na ule mng'aro wa hariri uonekane. Gundi ikishatoka, nyuzi hazina tena kinachozishika.

Dawa yake ni msokoto.

Kulia, kisha kushoto

Uzi wa hariri uliopotwa una aina zake, na kila aina ina kazi yake kwenye kitambaa.

Mfalme wao ni oganzini, uzi wa mtande. Kwanza kila uzi wa hariri mbichi hupotwa peke yake kuelekea upande mmoja, mara 400 hadi 600 kwa kila mita. Kisha nyuzi mbili au tatu za namna hiyo hulazwa pamoja na kupotwa tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Yeyote aliyewahi kutazama kamba ya katani ikisukwa ataelewa mara moja. Kila uzi unataka kujifyatua urudi ulikotoka, lakini katika kujifyatua unazidi kuukaza msokoto wa pamoja. Nguvu hizo mbili hushindana na kutoshana. Uzi unatulia, haujikunji wala haujifungui, na unavumilia kuvutwa na kusuguliwa mpaka kitambaa kiishe.

Wa pili ni trama, uzi wa mshindio. Huu haupotwi kwanza. Nyuzi mbili au zaidi za hariri mbichi huunganishwa na kupewa msokoto mwepesi, mara 80 hadi 150 hivi kwa mita. Mshindio haukazwi wala hausuguliwi kama mtande, kwa hiyo hauhitaji ugumu. Unachotakiwa kufanya ni kujaza kitambaa, kukipa ulaini na kukiacha king'ae.

Wa tatu ni uzi wa krepu, unaopotwa kwa ukali: mara 2,000, mara 3,000 na hata zaidi kwa mita. Uzi huo hufumwa ukiwa umelazwa kwa gundi yake. Gundi ikichemshwa ikatoka, kila uzi hutaka kujipinda, na kitambaa kizima huingia vijikunjo vidogo vidogo. Kitambaa cha jojeti hupatikana kwa kupanga nyuzi za msokoto wa kulia na za msokoto wa kushoto kwa zamu, zikivutana ndani ya kitambaa kimoja.

Kwa hiyo mdudu ni yuleyule, jani ni lilelile na hariri mbichi ni ileile. Tofauti kati ya satini inayoteleza, krepu yenye vijikunjo na oganza inayosimama yenyewe huanzia kwa fundi aliyepota uzi. Mkono wa mfumi na kuchemshwa au kuachwa kwa gundi huja baadaye kumalizia kazi ile.

Kazi yenyewe ina hatua zake. Hariri mbichi hukunjuliwa kutoka kwenye mafungu na kuzungushwa kwenye bobini. Husafishwa vifundo na sehemu nene. Hupewa msokoto wa kwanza. Huunganishwa mbili mbili au tatu tatu. Hupewa msokoto wa pili. Hatua ya msokoto ndiyo yenye ujuzi: bobini husimamishwa wima juu ya pia ya chuma inayozunguka kwa kasi, na uzi hupanda kutoka humo kwenda kwenye gurudumu la juu linalozunguka polepole. Kila mzunguko wa pia huongeza msokoto mmoja. Pia ikizunguka mara 500 wakati gurudumu la juu linavuta mita moja, uzi umepata misokoto 500.

Lakini pia ikilegea kidogo tu, kipande hicho cha uzi hutoka kikiwa dhaifu kuliko vingine. Hakuna atakayekiona siku hiyo. Kitaonekana miezi kadhaa baadaye, kitambaa kikishatiwa rangi, kikiwa mstari uliofifia kwenye gauni la mtu. Mkono wa binadamu hauwezi kutoa msokoto ulio sawasawa kwa kilomita na kilomita. Ndiyo maana hariri ilipata mashine mapema, kabla ya pamba na sufu kufikiriwa.

Siri ya Bologna

Wachina walitangulia. Kitabu cha kilimo cha Wang Zhen, kilichotoka mwaka 1313, kinaeleza mashine kubwa ya kupota nyuzi yenye makumi ya pia, ikiendeshwa na wanyama au na maji.

Ulaya, ujuzi huo ulistawi kwanza katika mji wa Lucca nchini Italia. Kutoka hapo ulihamia Bologna, ambako mafundi waliuunganisha na nguvu ya maji. Bologna haina mto mkubwa katikati ya mji, hivyo wenyeji walichimba mifereji, wakayaingiza maji mjini, na kuyagawa kwa mabomba ya chini ya ardhi hadi kwenye vyumba vya chini vya nyumba. Mtu angeweza kupita mtaani asijue kwamba nyuma ya ukuta kuna gurudumu la maji linazunguka.

Kinu chenyewe kilikuwa mnara wa mbao wa duara, wenye kimo cha ghorofa kadhaa. Fremu ya nje haikutikisika. Hiyo ndiyo iliyobeba mamia ya pia na magurudumu ya kukunjia uzi. Ndani yake fremu nyingine ilizunguka kwa nguvu ya maji, na vipande vyake vilipokuwa vinazigusa pia, vilizisugua na kuzizungusha zote kwa kasi moja. Mamia ya nyuzi yalipata msokoto sawa kwa wakati mmoja, na watu wachache tu waliokuwapo walifanya kazi ya kubadilisha bobini na kuunga nyuzi zilizokatika. Katika karne ya 17 mji huo ulikuwa na vinu zaidi ya 100 vya namna hiyo. Leo makumbusho ya urithi wa viwanda ya Bologna ina mfano wa kinu hicho unaofanya kazi, uliojengwa kwa nusu ya ukubwa wake halisi.

Wakuu wa Bologna walijua walichonacho. Kuutoa ujuzi wa kinu nje ya mji kulikuwa kosa la kifo, na aliyetoroka aliweza kuhukumiwa akiwa hayupo. Hata hivyo siri ilivuja. Mnamo miaka ya 1660 fundi kutoka Bologna, Gian Francesco Galleani, alikuwa tayari anajenga vinu huko Piedmont, kaskazini-magharibi mwa Italia. Kiwanda cha ukoo wake katika mji wa Caraglio, kilichojengwa miaka ya 1670, bado kimesimama na sasa ni makumbusho.

Watawala wa Piedmont walifanya jambo ambalo Bologna haikulifanya kwa ukamilifu: waliisimamia hariri kuanzia kwenye sufuria ya maji ya moto. Kanuni za serikali zilielekeza namna ya kuvuta uzi na namna ya kuupota. Matokeo yake, katika karne ya 18 oganzini ya Piedmont ndiyo iliyoaminika kuliko zote Ulaya. Wafumi wa Lyon nchini Ufaransa na wa Spitalfields jijini London waliitegemea kwa mitande ya vitambaa vyao vya thamani. Walikuwa na mabingwa wa kufuma na walikuwa na wateja wa kifalme, lakini uzi wa mtande waliununua kwa mwenzao, kwa bei ya mwenzao.

Kijana aliyefuata mashine

Waingereza walichoka kununua. Kati ya mwaka 1702 na 1704 Thomas Cotchett alijenga kinu cha kupota hariri kando ya Mto Derwent, mjini Derby, kwa msaada wa mhandisi George Sorocold. Kikashindwa. Maji yalikuwepo, mtaji ulikuwepo, lakini mashine hazikutoa oganzini nzuri.

Hapo ndipo anapoingia John Lombe, ndugu wa baba mmoja na Thomas Lombe. Mnamo 1716 hivi, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikwenda Italia. Habari za safari yake tunazo kupitia William Hutton, aliyeandika historia ya Derby mwaka 1791. Kwa simulizi ya Hutton, Lombe alijipenyeza kwenye kiwanda kwa kuwahonga wafanyakazi, akachora mashine kwa siri, akaficha michoro ndani ya marobota ya hariri yaliyokuwa yanasafirishwa Uingereza, kisha akatoroka na mafundi wawili wa Kitaliano huku wakifukuzwa.

Thomas alipata hataza mwaka 1718, na kufikia 1721 hivi kiwanda kilikuwa kimesimama kwenye kisiwa cha Mto Derwent: jengo la ghorofa tano, gurudumu moja kubwa la maji, na wafanyakazi wapatao 300. John alifariki mwaka 1722 akiwa bado kijana. Hutton anasimulia kwamba alilishwa sumu na mwanamke aliyetumwa kutoka Italia kulipiza kisasi. Huo ni uvumi ambao haukuthibitishwa. Thomas alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1727 na akafa tajiri mwaka 1739.

Kuna jambo moja katika mkasa huu lenye uzito kuliko sumu na michoro. Mchoro wa kinu cha hariri ulikuwa umeshachapishwa Padua mwaka 1607, katika kitabu cha mashine cha Vittorio Zonca, na nakala ya kitabu hicho ilikuwa kwenye maktaba ya Oxford karibu karne nzima kabla ya safari ya Lombe. Siri, kwa maana ya karatasi, ilikuwa wazi. Kilichokosekana Uingereza ni watu waliokwisha kuishi na mashine hiyo: wanaojua kasi ya pia kwa kusikia mlio wake, wanaojua uzi umekauka kiasi gani kwa kuugusa. Ndiyo maana mafundi wawili wa Kitaliano walikuwa na thamani kubwa kuliko michoro yote. Mchoro wa mashine hununuliwa kwa siku moja. Mkono wa fundi hukuzwa kwa miaka.

Mfalme wa Sardinia, aliyeitawala Piedmont, alijibu kwa kuzuia hariri mbichi isiuzwe nje. Aliyetaka hariri ya Piedmont angeipata ikiwa imeshapotwa. Thomas Lombe mwenyewe alilalamika Bungeni kwamba zuio hilo limemkwamisha. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Hataza ilipokwisha, viwanda vya kupota hariri viliota Stockport, Macclesfield na Congleton. Richard Arkwright alipojenga kiwanda chake cha pamba Cromford mwaka 1771, kilichokuja kuwa mfano wa viwanda vya pamba duniani, alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na hariri kwenye bonde la mto huohuo: jengo la ghorofa nyingi, nguvu moja ya maji, mamia ya watu chini ya kengele moja. Bonde la Derwent limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na mahali pa kiwanda cha Lombe sasa pana makumbusho iliyofunguliwa 2021.

Miguu ya mtoto

Hesabu ya utajiri huo haijakamilika bila kuwataja walioupota uzi.

Huyo William Hutton hakuwa mwandishi wa mbali. Aliingizwa kwenye kiwanda cha Derby mwaka 1730 akiwa na miaka saba, afanye kazi kwa miaka saba. Alikuwa mdogo kuliko wote mle ndani. Alikuwa mfupi mno kuifikia mashine, hivyo walimtengenezea viatu virefu vya kumwinua, wakavifunga miguuni, naye akavikokota hadi alipokua vya kutosha kuviacha. Kazi ilianza saa 11 alfajiri. Fimbo ilikuwa sehemu ya siku, na Hutton aliandika uzeeni kwamba alibaki na makovu ya vipigo hivyo.

Watoto walipendwa viwandani kwa sababu vidole vyao vidogo viliunga haraka nyuzi zilizokatika, na kwa sababu malipo yao yalikuwa madogo. Italia nako wanawake na wasichana ndio waliokaa kwenye sufuria za maji ya moto wakivuta hariri, vidole vikiwa vimevimba. Mjini Derby, karne moja baada ya Lombe, wafanyakazi wa viwanda vya hariri waliojiunga na chama cha wafanyakazi walifungiwa milango na waajiri wao kuanzia Novemba 1833. Walivumilia miezi ya njaa hadi Aprili 1834, ndipo wakashindwa. Mji huo huwakumbuka kila mwaka kwa maandamano.

Nayataja haya kwa sababu yeyote anayependekeza viwanda lazima aseme pia ni viwanda vya namna gani. Msokoto ulileta fedha Derby, lakini fedha hiyo ilipita mbali na miguu ya mtoto yule.

Barua ya kwenda Bengali

Uingereza ikishapata vinu, ilihitaji hariri mbichi ya kuvilisha. Macho yakageukia Bengali, ambako Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikuwa imeshika madaraka.

Bengali ilikuwa na wafumi hodari wa hariri tangu zamani, na vitambaa vyake viliuzwa mbali. Tarehe 17 Machi 1769 wakurugenzi wa kampuni walituma barua iliyoagiza kwamba utengenezaji wa hariri mbichi uhimizwe na ufumaji wa vitambaa vya hariri uvunjwe nguvu. Wavutaji wa hariri walitakiwa wafanye kazi kwenye viwanda vya kampuni, na kukatazwa kufanya kazi majumbani mwao. Wakati huohuo kampuni ilimpeleka James Wiss, pamoja na mafundi wa Kitaliano, kufundisha Bengali namna ya Piedmont ya kuvuta uzi.

Isome tena mipaka ya mafunzo hayo. Wabengali walifundishwa kuvuta hariri iwe safi zaidi ili ipotwe Uingereza. Mforosadi ulibaki kwao, kiwavi akabaki kwao, maji ya moto yakabaki kwao. Msokoto ukaenda Macclesfield. Kamati ya Bunge la Uingereza yenyewe iliikosoa sera hiyo mwaka 1783, lakini wakati huo wafumi wengi walikuwa wameshaharibikiwa.

Na sisi je?

Pwani yetu iliijua hariri zamani sana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitembea chini ya miavuli minne ya hariri za rangi. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, mfalme alimpokea akiwa amevaa joho la damaski lenye kingo za satini ya kijani. Mapema karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliwaelezea Waislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, waliokuwa wakinunua nguo za rangi kutoka Cambay nchini India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na pamba yao nyeupe. Nguo hizo zilikuwa za pamba, lakini kazi ile ni ushahidi kwamba mafundi wa pwani hii walijua thamani ya uzi uliokwisha kutengenezwa vizuri. Na hadi leo, fundi darizi anayetia nakshi kwenye shingo ya kanzu ya hariri hachagui uzi kwa rangi peke yake. Huupima msokoto wake kwa vidole, maana uzi uliolegea humchanikia sindanoni.

Hariri yenyewe pia inazalishwa katika ukanda wetu. Kenya ina kituo cha utafiti wa ufugaji wa viwavi wa hariri mjini Thika. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao Nairobi, kimefanya kazi na wafugaji wa Mwingi na wa kandokando ya msitu wa Kakamega, wakiwemo wanaokusanya hariri ya nondo wa mwituni. Rwanda na Uganda nako wakulima wamehimizwa kupanda mforosadi. Ardhi ipo, mvua ipo, na mforosadi hauna makuu. Katika nchi za joto kama zetu unatoa majani karibu mwaka mzima, jambo ambalo Piedmont haikupata kuliota.

Swali ni lile ambalo mfalme wa Sardinia alilijibu karne tatu zilizopita: tunauza nini? Mkulima anayeuza vifukofuko hulipwa kwa kilo, na bei hupangwa na mnunuzi. Anayeuza hariri mbichi amesogea hatua moja. Anayeuza oganzini na trama, zenye denieri inayojulikana na msokoto uliopimwa, anazungumza na wafumi wa Kanchipuram nchini India, ambao sari zao maarufu hufumwa kwa hariri iliyopotwa, na wafumi wa Lyon vilevile, akiwa muuzaji anayechaguliwa kwa ubora. Pamba yetu na katani yetu zimeshatufundisha somo hili kwa uchungu: sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo huondoka bandarini kabla ya kuwa uzi, kisha hurudi zikiwa kanga, mashuka na mazulia tunayoyanunua kwa bei ya mwenzetu.

Haitoshi kuagiza mashine. Derby ilikuwa na mashine za Cotchett na zikashindwa; zilizofaulu zilikuja na mikono inayoujua uzi. Kwa hiyo nawaomba wanaopanga mipango ya hariri katika nchi zetu wafanye mambo matatu. Wasihesabu mafanikio kwa ekari za mforosadi peke yake. Wapeleke vijana wetu wa kike na wa kiume wakakae miaka, sio wiki, kwenye viwanda vya India na China vinavyopota hariri, wajifunze hadi waweze kusikia pia iliyolegea. Na viwanda vya kupota vitakapojengwa, vijengwe karibu na wafugaji, vyenye ujira wa haki na bila mtoto hata mmoja ndani.

Kwako msomaji, siku nyingine ukinunua kitambaa na kuambiwa ni hariri, toa uzi mmoja kwenye ukingo, ushike kwa vidole viwili na ujaribu kuufumua. Kama ni mtande wa oganzini, utafunguka kwa upande mmoja na kutoa nyuzi mbili au tatu, kila moja ikiwa na msokoto wa upande wa pili. Hapo utakuwa umeiona kazi ambayo Bunge la Uingereza liliilipia pauni 14,000. Hakuna sababu kazi hiyo isifanyike Thika.